Maziwa ya Mama Nyota

Shangazi Mariamu alizikwa Ijumaa, na kufikia Jumapili matanga yake yalikuwa yameshageuka mahali pa kupigia hadithi. Ndivyo tulivyo watu wa Kindu, huku Kongo: kwanza tunalia, halafu tunapika, kisha tunaanza kumsifu marehemu mpaka wewe uliyeishi naye unajiuliza kama wanamzungumzia mtu yuleyule. Wanawake tulikuwa tumekaa ndani kwenye mikeka, wanaume nje chini ya turubai, na sinia za wali wa Kibombo zikipita katikati. Hapo nikamsikia Hamisi, mtoto wa dada yangu, anayenunua dhahabu kwa wachimbaji, akiwasimulia wageni: "Bibi alikuwa na macho. Wakati ya vita kuko mwanamuke alikuwa anapatia mama mudogo Riziki sumu, kidogo kidogo. Bibi njo alimugundua. Bila yeye, mama mudogo angekuwa udongo." Watu wakaitika: "Eee, alikuwa na macho." Mama mdogo Riziki ni mimi. Nilikuwa papo hapo nyuma ya pazia, mzima, ninakula, na hakuna aliyefikiria kuniuliza. Hamisi akaendelea: "Na ule mwanamuke angali muzima. Iko kule Kama, mu machimbo, anauzisha chakula kwa wachimbaji. Sisi watu ya Kindu hatukulake kwake, hata tukufe njaa." Nikaacha kula. Mimi nilikuwa nimeamini kwamba mwanamke huyo, Mama Nyota, alikufa njiani, mwaka uleule waliomfukuza.

Ukoo wangu nitauruka. Anayetaka kuujua aende matanga yoyote ya Kindu, atatajiwa wote mpaka achoke. Ninachotaka kuweka hapa ni mwaka mmoja tu, mwaka ambao mji ulifungwa. Askari walikuwa ndani, wapiganaji wa msituni walikuwa nje, na sisi tulikuwa katikati tukingojea ndege za mizigo. Treni ilikuwa imekufa zamani. Kwenda shamba ilikuwa kujitafutia kifo, kwa hiyo sombe, majani ya muhogo, tuliichuma kando ya ukuta, tukaipika bila chumvi na bila mawese, na tuliokuwa na meno mazuri ndio tuliofaidi. Ajabu ni kwamba katika hali hiyo watu waliendelea kuoana. Saidi, fundi baiskeli wa mtaa wa pili, alikuwa amenitolea mahari, na kwa desturi ya Waislamu wa kwetu msichana akishaposwa anawekwa ndani mpaka siku ya harusi. Hatoki, haoni jua, anasuguliwa ngozi, analishwa vizuri, ili siku ya kufunuliwa uso wake ung'ae na watu waseme kwao kuna watu. Shangazi Mariamu, dada mkubwa wa baba na mwenye amri juu ya wanawake wote wa nyumba yetu, alisema vita ni ya wanaume na mwali ni wake. Nikawekwa ndani.

Chumba chenyewe kilikuwa cha nyuma, dirisha moja dogo lenye wavu, kitanda, mkeka, kioo kilichokatika pembeni. Kilinuka mafuta ya kokwa za michikichi ambayo shangazi alinipaka asubuhi na kunisugulia mpaka ngozi inawaka. Ukuta ule ulikuwa mwembamba. Mtu akikaa ndani muda mrefu anakuwa masikio matupu: nilijua nani ana homa, nani amepata chumvi na anaificha, ndege gani imetua na imeleta nini. Sasa nikikumbuka, naona mwaka ule nimeuona kidogo sana. Zaidi niliusikia.

Aliyeniletea chakula ni Mama Nyota. Hakuwa ndugu yetu. Alikimbia mapigano upande wa Pangi, mume wake akabaki huko kaburini, watoto wake walikuwa wametawanyika kwa ndugu, akafika mlangoni kwetu na kifurushi kichwani akaomba alale mpaka kesho. Kesho hiyo haikufika. Alipika, alifagia, alizungumza kwa sauti kubwa hata palipotakiwa kunong'ona, na alikuwa na mzaha usio na adabu ambao mwali hapaswi kuusikia, nami niliupenda mno. Tulikula sahani moja, yeye na mimi, tukikaa mkekani. Asubuhi alikwenda kufua nguo za marubani waliolala karibu na uwanja wa ndege, na hao hawakumlipa franga hata moja. Walimpa makopo ya maziwa ya unga.

Sijui kama kijana wa leo anaweza kuelewa kopo la maziwa lilikuwa nini wakati ule. Angeweza kuliuza akapata chumvi, sabuni, hata kitenge. Aliingia nalo chumbani kwangu akaliweka mbele yangu, vidole vyake vimepasuka kwa sabuni kali.

"Hii njo chakula ya bibi arusi," akasema. "Kunywa, unenepe. Saidi akufunue aogope."

"Mama Nyota, uiuzishe."

"Niuzishe nini? Mimi nilishaolewaka. Kunywa."

Nikanywa. Yalikuwa matamu, na yeye akalamba kijiko tu. Kwetu hatukukulia maziwa; ng'ombe nilikuwa nimemwona kwenye picha. Siku hiyohiyo tumbo likanguruma mpaka nikaona aibu, likajaa hewa, likanikimbiza uani. Sikusema kitu. Ningesema nini? Mtu amefua nguo za watu mpaka mikono inatoka damu, halafu nimwambie zawadi yake inaniharisha? Nikanywa tena kesho yake, na kila siku alipoleta, na kila mara nikamwambia asante.

Baada ya majuma machache uso ukaanza. Vipele vidogo kwanza kandokando ya mdomo, halafu kidevuni, halafu mashavu yote mawili, vyekundu, vinawasha, vingine vina usaha. Shangazi akasugua zaidi. Vikazidi. Akaacha mafuta akapaka majani, kisha majivu, kisha kitu ambacho hakuniambia ni nini na hadi leo sitaki kujua. Mimi nilijitazama katika kile kioo na sikuwa na mawazo makubwa. Niliona tu kwamba niliwekwa ndani nitoke mzuri, na nazidi kuwa mbaya kila siku, na nilichukia.

Habari ikamfikia mama yake Saidi. Alikuja mchana, amevaa vizuri, akapewa kigoda, akaomba aone mwali. Shangazi akasema mwali haonwi. Mama mkwe akasema, "Mimi si mutu ya nje." Akaingia, akainua kitambaa changu kwa vidole viwili, akakishusha. Hakunisalimia, akatoka. Kupitia ukuta nikamsikia akisema polepole, kwa sauti ya heshima kabisa, "Tutangoja kwanza. Saidi apime damu, na Riziki apime." Kila mtu alielewa alichomaanisha. Wakati ule ugonjwa huo ulikuwa unaanza kutajwa kila mahali askari walipokuwa, na binti aliyetajwa nao, hata kwa uongo, alikuwa amekwisha. Mahari ingerudi. Dada zangu wangeangaliwa kwa jicho lile lile. Nilisikia pumzi ya shangazi, halafu nikamsikia akisema neno ambalo liliokoa nyumba yetu: "Mutoto wetu hana ugonjwa. Mutoto wetu wamemupatia sumu."

Nimeishi na sentensi hiyo muda mrefu na siwezi kumlaumu sana aliyeisema. Kwetu sumu inaogopwa kuliko risasi, lakini sumu ina heshima. Anayelishwa sumu hana kosa. Ameonewa wivu tu. Tumbo langu lilikuwa linanguruma, uso ulikuwa unaoza, harusi ilikuwa karibu: mambo yote yaliingia mahali pake. Na kwetu kila mtu anajua dawa ya kwanza ya sumu, hata mtoto wa shule atakuambia. Ni maziwa. Maziwa yanakata sumu. Basi shangazi akachukua makopo yote ya Mama Nyota, akaanza kunipimia mwenyewe, asubuhi kikombe kizima na jioni kikombe kizima, akisimama juu yangu mpaka nimalize.

"Maliza, inakata."

"Shangazi, inanikata mimi."

"Njo sumu inatoka. Maliza."

Uso ukawa kidonda kimoja. Hapo maneno ya nyuma ya ukuta yakabadilika, yakaacha kuuliza kama kuna sumu, yakaanza kuuliza ni mkono wa nani. Hawakutafuta mbali. Nani anampelekea chakula? Nani si ndugu? Nani anashinda na wageni huko uwanjani na hatujui wanampa nini? Nilipomsikia mjomba akitaja jina, nikafanya kitu ambacho mwali hafanyi. Nikagonga ukuta na nikasema kwa sauti: "Tunakulaka naye mu sahani moja! Mbona yeye hana kitu?"

Shangazi akajibu, bila hasira: "Mwenye sumu iko na dawa yake."

Kila jambo jema la Mama Nyota lilikuwa sasa ushahidi. Alinipenda sana, kwa nini? Alikuwa na makopo na hakuyauza, kwa nini? Kitu kimoja tu hatukula pamoja, nacho kilikuwa maziwa, kwa sababu yalikuwa ya mwali peke yake. Hilo hakuna aliyeliona, hata mimi mwenyewe niliyekuwa nikiyanywa.

Walimfukuza mchana, baada ya sala. Wanaume walikaa barazani, yeye akasimama uani na kifurushi kilekile alichokuja nacho. Mimi nilikuwa nyuma ya wavu wa dirisha. Nilimwona mgongo tu, na mikono aliyokuwa ameinyoosha mbele yao.

"Muangalie hii mikono," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Imeuaka nani?"

Hawakumpiga, hawakumtukana, watu wa kwetu wakishaamua wanakuwa wapole. Shangazi akampa hata kipande cha muhogo cha njiani. Lakini wote tulijua kulikuwa na nini nje ya mji, na barabara ya Pangi ilikuwa inatajwa kwa kunong'ona. Alipofika kwenye uzio aligeuka akaangalia dirisha langu. Nililia kwa uchungu, nikapiga ukuta kwa ngumi, na shangazi akaja akanituliza, akasema machozi yanaharibu ngozi.

Na bila Mama Nyota, hapakuwa na kopo tena. Kilichobaki kwenye makopo kikaisha. Tumbo likatulia. Vipele vikakauka, vikadondoka, na kabla mwezi haujaandama tena uso wangu ukawa safi kabisa. Sijui kama kuna mtu amewahi kusalitiwa na mashavu yake mwenyewe. Nilikuwa nimemtetea kwa mdomo, na uso wangu ukatoa ushahidi kinyume. "Mumeona?" shangazi aliuliza nyumba nzima, na nyumba nzima ilikuwa imeona. Mama mkwe akarudi, akainua kitambaa, safari hii akanibusu. Vigelegele vikapigwa. Saidi alinioa, tukaishi vizuri mpaka alipotangulia, na hiyo ni habari nyingine.

Vita ikaisha, au ikaenda kukaa kwa wengine. Nikafungua duka la vitenge sokoni. Maziwa sikuyagusa kwa miaka mingi, si kwa akili yoyote, ila harufu yake ilinirudisha chumba kile. Halafu magoti yakaanza kulia, na muuguzi mmoja akanishauri maziwa, yanaimarisha mifupa. Siku hizi yamejaa madukani. Nikaanza kuyatia kwenye chai, na haukupita muda wateja wakaanza kuniuliza kwa kejeli kama mama naye ameanza kujichubua. Vipele vilikuwa vimerudi mahali palepale: mdomo, kidevu, mashavu. Kwa umri wangu!

Alikuwepo daktari wa ngozi aliyekuja kwa muda kutoka mji mwingine, binti mdogo anayeuliza sana. Aliniuliza ninapaka nini, kisha akaniuliza ninakula nini, na hilo la pili hakuna aliyewahi kuniuliza. Akaniambia niache maziwa majuma kadhaa. Uso ukapona. Akaniambia niyanywe tena. Ukaharibika. "Si vipele ya kila mutu inatoka kwa chakula, mama," akanieleza. "Wengi wanakunywaka maziwa na hawana shida. Mwili yako njo haipatane nayo. Kwako, tumbo inakataa kwanza, halafu uso." Alisema kama anayenieleza bei ya nyanya. Mimi nilikaa kwenye kile kiti nikaona tena uani, na kifurushi, na mikono.

Nilimwambia shangazi. Alikuwa ameshalala kitandani, hali yake si nzuri, lakini kichwa kilikuwa kizima. Nilimweleza yote taratibu, maziwa, tumbo, uso, kuacha, kurudia. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nikadhani amelala. Kisha akasema, "Na maziwa aliyaleta nani?" Akageukia ukutani. Hatukuzungumza tena jambo hilo.

Kwa hiyo pale matangani, Hamisi aliposema Mama Nyota yu hai, nilitoka nikamwambia mbele ya wageni kwamba hapakuwa na sumu, yalikuwa maziwa. Wakaniangalia kwa huruma. Mjomba mmoja akasema, "Riziki, uchungu njo inakusemesha. Usimukosee marehemu." Maneno hayakuwa na kazi, basi uso wenyewe ungesema. Nikapita dukani, nikanunua kopo. Nilikunywa asubuhi na jioni kama alivyonipimia shangazi, mpaka uso ukawa kama ule wa zamani, na tumbo likaninyima usingizi. Kisha nikapanda nyuma ya pikipiki, nikaenda Kama.

Banda lake liko kando ya njia inayokwenda machimboni: nguzo, mabati, mabenchi mawili, moto. Alikuwa anasonga bugali. Amekonda, nywele zimekuwa nyeupe chini ya kitambaa, lakini nilimjua kwa mabega. Nikavua mtandio. Aliniangalia usoni muda mrefu na hakunisalimia.

"Na hii mara," akasema, "wamefukuza nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi, si kwa hilo. Nikamwambia hapana, hakuna aliyefukuzwa, vipele nimejitia mwenyewe, nimekunywa maziwa. Nikamweleza, hata aliyoyasema Hamisi matangani. Mwiko uliendelea kuzunguka.

"Maziwa gani?"

"Ya kopo, mama. Ile ulikuwa unaniletea."

Mwiko ukasimama. Akakaa kwenye benchi kwa uzito. "Basi ni mimi," akasema.

"Si wewe! Ni maziwa. Mwili yangu njo haiitaki. Wewe ulinipenda tu."

"Tumbo ilikuwa inakuuma, na ulinyamaza?"

"Ningekuambia nini? Uliyaleta na ile mikono."

Akaitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Akaniambia jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hata siku moja. Miaka yote hiyo huosha sufuria mara mbilimbili. Wajukuu wake hajawahi kuwalisha kwa mkono. Anaweka sahani chini, anakaa mbali. "Nilijua sikutia kitu," akasema. "Lakini nyinyi wote mulisema. Halafu nikasikia ulipona. Nikasema, labda iko kitu mu mikono yangu, na mimi siijui." Akalia kwa sauti, bila kujificha, na mimi nikalia naye, huku bugali inaungua.

Alipomaliza alijipangusa, akanishika kidevu, akageuza uso wangu kwenye mwanga, huku na huku, kama mtu anayekagua kitambaa sokoni.

"Ule Hamisi yenu anakujaka lini?"

"Siku ya soko."

"Kufika siku ya soko utakuwa umepona." Akamwita mwanamke wa banda la pili, akamtuma akanunue kopo la maziwa. "Basi hautapona. Utakaa hapa kwangu, utakunywa, Hamisi aone."

Nikakaa. Alinikorogea mwenyewe asubuhi na jioni, nami nikanywa, na usiku alinikanda tumbo na kuniomba radhi na asubuhi akanikorogea tena. Siku ya soko akaniweka kwenye benchi la mbele, linaloangalia njia, uso wazi. Wachimbaji walipita wakageuka. Karibu na adhuhuri akaja Hamisi na wenzake wa Kindu, wanapita upande wa pili wa njia kama kawaida yao. Aliponiona alikuja mbio.

"Mama mudogo! Nani amekufanya hivi?"

"Ni mimi," akasema Mama Nyota nyuma yangu, na ile sauti ilikuwa kubwa, sauti yake ya zamani. Akanipa kikombe. "Kunywa, mutoto yangu. Waone."

Nikapokea kwa mikono miwili, nikanywa mpaka mwisho. Kisha nikamwambia Hamisi akae, na nikamsimulia, polepole, nikimwonyesha kila mahali usoni pangu kwa kidole, na safari hii alisikiliza kwa sababu alikuwa anaona. Nilipomaliza akabaki ameinamisha kichwa. Alipokiinua, hakuniangalia mimi.

"Mama," akamwambia, "unipatie bugali na miye."

Mama Nyota alikuwa ameshashika sahani. Akairudisha juu ya meza, akageukia njia, ambako wale wengine walikuwa bado wamesimama mbali.

"Kwanza enda uite wenzako," akasema.

Hamisi akainuka, akaenda kuwaita.